Shajara ya mradi: kupima kemia ya shanga za kioo za pwani

Mwanzo wa Februari

Kisanduku kimetoka stoo na sasa kiko mezani. Ni shanga ndogo ndogo za kioo, nyingi hazifiki hata milimita nne, ziliokotwa zamani ufukweni huko pwani ya kusini na kikaratasi chake kinasema hivyo hivyo tu, "pwani ya kusini", hamna jina la kijiji, hamna shimo, hamna tabaka. Kwa mwanaakiolojia hicho ni kifo cha nusu cha kifaa. Nusu nyingine bado iko hai maana iko ndani ya kioo chenyewe, na ndo tunaifuata.

Lengo la mradi nimeliandika ukutani: tuzigawe shanga hizi kwa kioo kilichozitengeneza, sio kwa rangi. Zile orodha za zamani za shanga za pwani, za kina van der Sleen miaka ya 50 na 60, na zile za machimbo ya Chittick kule Kilwa, zilipangwa kwa macho, yaani rangi, umbo, saizi, na kama ushanga umevutwa au umezungushwa. Kazi nzuri na jicho lao lilikuwa kali kweli, ila rangi inawekwa na kitu kidogo sana mle ndani, shaba kidogo unapata bluu ya bahari, shaba ile ile ukiinyima hewa tanurini unapata nyekundu ya matofali, na maarifa hayo yalijulikana India, Iran, Misri, Venice, kote. Rangi inakwambia fundi alitaka nini. Haikwambii mchanga ulichotwa wapi.

Kioo cha zamani kwa ufupi ni mchanga, kitu cha kuuyeyusha, na chokaa. Mchanga safi peke yake unataka joto la zaidi ya nyuzi 1,700 na tanuri la zamani halikufika huko, kwa hiyo lazima uchanganye kiyeyushi, na hapo mafundi wa dunia waligawanyika njia mbili kubwa. Wengine walitumia magadi. Sisi magadi tunayajua, yapo jikoni kwenye maharage na kisamvu, na ziwa Natron tunalo wenyewe. Kioo cha Warumi na cha nchi za mashariki ya Mediterania kilitumia magadi ya Wadi Natrun, Misri, mpaka kama karne ya 9 hivi. Wengine walichoma mimea inayoota kwenye chumvichumvi wakachukua majivu, na majivu yanakuja na mizigo yake, magnesiamu na potasiamu. Mwaka 1961 watafiti wawili, Sayre na Smith, walionyesha kwamba ukipima hivyo viwili tu unaweza kutenganisha familia, chini ya asilimia 1.5 ni magadi, juu yake ni majivu, na mpaka leo kila mtu anaanzia hapo.

Halafu kuna India. Kule walikuwa wanakwangua chumvi ya magadi inayochomoza juu ya ardhi wakati wa kiangazi, wanaichanganya na mchanga ambao sio safi, umejaa chembe za mawe ya feldispa, matokeo yake kioo kinakuwa na alumina nyingi mno, asilimia 5 na kuendelea, wakati kioo cha Mediterania kinacheza kwenye 2 au 3. Alumina hiyo ndo alama kubwa ya shanga za Bahari ya Hindi.

Wiki iliyofuata

Mzee wa stoo alikuja na beseni na sabuni ya unga, anasema mwanangu tuzioshe kwanza zing'ae ndo mpime vizuri. Nikamwomba aache, nikamkalisha tukaangalia ushanga mmoja wa kijani kwenye lenzi. Juu una ngozi kama ya samaki, inang'aa rangi za upinde wa mvua na ukiugusa na sindano inabanduka vipande. Ile ngozi ni kioo kilicholiwa, maji ya ardhini na chumvi ya bahari vimenyonya sodiamu ikatoka, silika ikabaki. Ukisugua na sabuni unapoteza ngozi na pengine na tabaka jingine chini yake, na hiyo ngozi ni ushahidi wa mahali ushanga ulipolala. Akakubali, ila akasema basi angalau tuondoe mchanga. Mchanga tukauondoa na brashi laini kavu, na vumbi lake tumeliweka kwenye vifuko, kila ushanga na lake.

Hii wiki yote imeenda kwenye lenzi na sioni kama ni muda umepotea. Ukitazama mapovu ya hewa ndani ya kioo unajua ushanga ulizaliwaje. Kama mapovu yamenyooka sambamba na tundu, kioo kilivutwa kikawa bomba refu jembamba kama mrija wa soda, halafu kikakatwa vipande. Kama mapovu yanazunguka tundu, fundi alikizungusha kioo cha moto kwenye chuma, ushanga mmoja mmoja. Zetu karibu zote zimevutwa. Kijiji cha Papanaidupet, Andhra Pradesh kusini mwa India, walikutwa bado wanavuta namna hiyo kwenye karne ya 20, wana chuma kirefu chenye uwazi ndani wanakiita lada, donge la kioo linakaa kwenye ncha mdomoni mwa tanuri, na mtu anavuta bomba bila kukatika. Peter Francis ndiye aliyeiandika kazi ile kwa kina, na jina la "Indo-Pasifiki" kwa shanga hizi ndogo za kuvutwa ni lake.

Sasa nyekundu. Zipo nyingi, za rangi ya matofali, hazipitishi mwanga, na kwenye kisanduku zimewekwa pamoja kama ndugu. Nimezipitisha zilizovunjika moja moja kwenye lenzi na zimegawanyika. Nyingi ni nyekundu mpaka ndani, zina michirizi myeusi myembamba inayofuata mvuto. Chache zina nyekundu juu tu, ndani kuna moyo wa kijani kinachopitisha mwanga, kama ukielekeza kwenye dirisha unauona kabisa. Hizi za moyo wa kijani ni za Ulaya, zilitengenezwa kuanzia karne ya 17 na kuendelea, na zilikuja baharini kwa mizigo ya wazungu. Yaani kwenye fungu lililoitwa moja kuna vitu viwili ambavyo huenda vimepishana mamia ya miaka na bara zima. Na hizo ni zile zilizovunjika tu, zilizo nzima moyo hauonekani, ndo maana tunahitaji mashine.

Katikati ya Februari

Mashine imefika, ile ya mkononi ya eksirei, kila mtu hapa anaiita bunduki. Inapiga eksirei kwenye ushanga, atomi zinasisimka zinarudisha eksirei zao, kila elementi na nguvu yake, na wewe unasoma milima, yaani vilele vya grafu, kwenye skrini ya kompyuta. Haiharibu kitu. Ila mtu akikwambia bunduki inatoa majibu yote ya kioo usimwamini, na nataka niandike hapa kwa urefu maana naona watu wengi wananunua au wanaazima hizi mashine wanachapisha namba kama zilivyotoka.

Kwanza, sodiamu haionekani. Eksirei yake ni dhaifu mno, inamezwa na hewa kabla haijafika kwenye kidetekta. Magnesiamu karibu vile vile. Kwa hiyo kile kipimo cha Sayre na Smith hatunacho kwa bunduki, na ukiona mtu kakipata kwa ushanga uliolala ufukweni miaka 600, bila kutengeneza uso mpya, muulize maswali. Aluminiamu na silika unaziona lakini kutoka kwenye ngozi ya juu tu, na ngozi ndo ile iliyoliwa. Elementi nzito, strontiamu na zirkoniamu kwa mfano, eksirei zake zinatoka ndani zaidi, kwa hiyo hizo ndo tunazitegemea.

Pili, milima inapandiana. Mlima mkubwa wa risasi uko kwenye nguvu ya kilo-elektronivolti 10.55 na wa aseniki uko 10.54, yaani ni mlima mmoja kwa macho, programu inagawa kwa kukisia. Kwa shanga za njano na nyeupe hilo ni janga kwa sababu risasi na aseniki ndo swali lenyewe. Inabidi ushuke kwenye mlima mdogo wa aseniki pale 11.7 uangalie mwenyewe kama upo au haupo. Bariamu nayo, milima yake ya chini inakaa juu ya titaniamu, kwa hiyo tumeipeleka bunduki volti za juu kabisa, kilovolti 50, tusome ule mlima wa bariamu wa 32 ambao hauna jirani. Na uraniamu, ambayo kwa kioo cha India ni ya muhimu sana, imekaa 13.6 na rubidiamu iko 13.4. Hapo kwa bunduki tumeishia kusema "huenda".

Tatu, dirisha la mashine ni pana kuliko ushanga. Mwanga unaozidi unapiga meza. Tumetengeneza kibanda kidogo cha plastiki nyembamba ushanga unaelea juu yake, chini hakuna kitu, na kila asubuhi tunapima kibanda kitupu kwanza.

Tunaanza na kumaliza na vioo vya Corning, A, B, C na D. Hivi vilitengenezwa makusudi chini ya Robert Brill wa makumbusho ya kioo ya Corning, New York, kwa kuiga kemia za kale, A na B ni vya sodiamu na chokaa, C kina risasi na bariamu kama vya China ya kale, D ni cha potasiamu kama vya Ulaya ya zama za kati. Maabara duniani zinavipima hivyo hivyo, kwa hiyo namba zako zinaweza kuongea na namba za mwenzako wa Chicago au Cape Town. Asubuhi na jioni tunavipiga, na namba zikisogea siku hiyo yote tunairudia.

Mwisho wa Februari

Nyekundu zimejibu na nina furaha sana.

Kundi kubwa, zile nyekundu mpaka ndani, zina kalsiamu ya chini, titaniamu na chuma viko juu, zirkoniamu iko juu sana. Huo ni mchanga mchafu, mchanga wa mawe yaliyomomonyoka usiochujwa, na hata kilima cha aluminiamu kimesimama pamoja na matatizo yote ya ngozi. India, sina wasiwasi. Zile za moyo wa kijani ni kinyume, zirkoniamu karibu haipo, kalsiamu iko juu, na mlima wa risasi mdogo. Mchanga msafi uliochaguliwa na watu wenye viwanda. Na kati ya zile nzima ambazo moyo hauonekani, tatu zimeangukia moja kwa moja upande wa Ulaya.

Kuna kundi la tatu sikulitegemea, shanga chache za bluu ya bahari na kijani zinazopitisha mwanga, zimekatwa tu bila kuviringishwa kwenye moto, kingo zake bado kali. Kalsiamu juu, strontiamu juu, zirkoniamu chini. Hiyo inanuka majivu ya mimea. Huko kusini zaidi, Chibuene kwenye pwani ya Msumbiji na kwenye vijiji vya bonde la Limpopo, kuna shanga za karne ya 8 mpaka ya 10 zinaitwa Zhizo, za majivu ya mimea, zinadhaniwa zilitoka upande wa Iraq na Iran, zimevutwa na kukatwa hivi hivi. Marilee Wood ndiye aliyezipanga shanga za kusini mwa Afrika kwa makundi na miaka, na Peter Robertshaw na wenzake wakazipima kemia, na zile zinazokuja baada ya Zhizo kwenye maeneo yale yale, za karne ya 11 na 12, kemia inageuka kuwa ya India yenye alumina. Yaani chanzo cha shanga za kule kilihama kutoka Ghuba kwenda India na kilichobaki kama risiti ni alumina ndani ya ushanga wa milimita tatu.

Siwezi kuacha kutaja kwamba watu wa K2, kijiji cha kale huko Limpopo, hawakukaa tu kupokea. Walichukua shanga za bluu ya bahari kutoka nje wakaziyeyusha kwenye vikalibu vya udongo wakatengeneza shanga kubwa za kwao, kalibu linatumika mara moja linavunjwa. Kemia ya shanga kubwa ni ile ile ya zile ndogo. Na Ile-Ife, Nigeria, walifanya kubwa zaidi, walitengeneza kioo chenyewe kuanzia mchanga, chenye chokaa na alumina vyote juu, mapishi ambayo hayapo Ulaya wala Asia. Nasema hivi kwa sababu bado tunaandika vibao vya makumbusho kana kwamba kioo Afrika kilikuwa cha kununua tu.

Mwanzo wa Machi

Wiki ya nyeupe na njano. Kioo cheupe kisichopitisha mwanga kinatiwa unga fulani wa kukifunika, na Ulaya unga ulibadilika kwa zama. Mwanzoni bati, kuanzia karne ya 17 wakaingia kwenye antimoni, halafu aseniki pamoja na risasi karne ya 18 na 19. Hancock na wenzake kule Canada walizipanga nyeupe za Ontario kwa njia hiyo, na wale walikuwa na bahati ya maeneo yenye tarehe. Nyeupe zetu karibu zote ni antimoni, chache zina ule mlima mdogo wa 11.7 umesimama vizuri kabisa, aseniki. Kwa hiyo hizo nyeupe huenda ni za misafara, za enzi ambazo mizigo ya shanga ilitoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji begani kwa wapagazi, na mfanyabiashara akikosea rangi anayopenda mtu wa bara basi mzigo mzima haununui hata kuku.

Njano za kale ni hadithi nyingine, risasi na bati pamoja, na kijani isiyopitisha mwanga ni njano hiyo hiyo iliyoongezwa shaba. Zetu zote zina bati, zina zirkoniamu ya juu, zinakaa kundi moja na nyekundu za India. Fundi mmoja, tanuri moja, rangi tofauti, hilo sasa linaonekana kwenye grafu.

Tumeazima pia taa ya kukagulia noti kutoka kwa dada wa dirisha la kutuma pesa hapo nje, ile ya zambarau. Kijani chache zimewaka kijani kali gizani. Hiyo ni uraniamu iliyotiwa makusudi kama rangi, viwandani Ulaya walianza kuiuza hivyo miaka ya 1830, Bohemia hasa. Sio ile uraniamu ya asili iliyomo kwenye mchanga wa India, ile ni kidogo mno haiwaki. Zinazowaka tumezitoa kwenye fungu la kale papo hapo bila kupoteza muda wa mashine.

Katikati ya Machi

Sasa kuchagua za kupeleka kwenye leza. Huko mashine inatoboa kishimo chembamba chini ya unene wa unywele, kwa jicho hukioni, moshi wake unakwenda kwenye spektromita ya masi na unapata elementi hamsini na zaidi, sodiamu na magnesiamu ndani, mpaka uraniamu. Leza inapita ngozi iliyoliwa inafika kwenye kioo kizima. Kazi kubwa ya shanga za Afrika na Asia imefanyika hivyo kwenye maabara ya Field Museum, Chicago, chini ya Laure Dussubieux. Yeye na wenzake, akiwemo Chapurukha Kusimba aliyechimba Mtwapa, mwaka 2008 walilinganisha shanga za pwani ya Kenya na za India, zikiwemo za Chaul, bandari ya magharibi ya India, na kioo cha alumina nyingi kilikuwepo pande zote mbili. Baadaye kioo hicho kimegawanywa matawi kwa uraniamu, bariamu, strontiamu, zirkoniamu na sisiamu. Tawi lenye bariamu nyingi na uraniamu kidogo ni la kusini mwa India na Sri Lanka, tawi lenye uraniamu nyingi ndo lile linaloonekana pwani yetu karne za baadaye, likija kwa mlango wa Chaul.

Kwa hiyo swali letu kwenye leza ni moja: nyekundu na njano zetu za India ni tawi lipi, au ni matawi mawili? Kama ni mawili, hiki kisanduku kimekusanya bandari ya zama mbili na inabidi kitenganishwe. Bariamu ya bunduki inasema mawili. Siandiki hivyo kwenye ripoti mpaka leza iseme.

Tumechagua nyekundu zilizovunjika kwanza, maana uso mpya upo tayari, njano na kijani cha bati, na zile zote zenye harufu ya majivu ya mimea hata kama ni nzima, hizo haziwezi kubaki. Nyeupe za antimoni zinabaki nyumbani, bunduki imetosha. Mzee wa stoo ametaka kujua kama zitarudi, tukakaa naye tukaandika fomu ya kutoka, picha ya kila ushanga pande zote mbili za tundu na uzito kwenye mizani ya sonara. Kikaratasi cha zamani hatukitupi, kinabaki kisandukuni kama kilivyo na namba mpya zinaandikwa kwenye kadi pembeni.

Barua ya kibali cha kuzisafirisha imeshapelekwa. Wakati tunasubiri naingiza vipimo vyote vya bunduki kwenye spredishiti pamoja na vya Corning vya kila siku, safu moja kwa ushanga mmoja, na milima mibichi kabla programu haijaigeuza asilimia. Anayetaka kulinganisha na shanga za Kaole, Kilwa au Pemba aanze na hiyo milima, asianze na asilimia.